Kidole Gumba Ndicho Kinachoimba: Leo Brouwer na Estudio Zake za Gitaa

(Haya niliyasema Jumamosi mbele ya wanafunzi wa gitaa na wazazi wao hapa Dar es Salaam. Waliokwama kwenye foleni, na wale waliokuwa msibani, wameomba niyaandike. Pale nilipokuwa napiga gitaa nimejaribu kueleza kwa maneno. Mnisamehe, maneno hayana waya.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi. Na nyie vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nimewaona. Sogeeni mbele, leo hamtoroki.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kuacha gitaa? Mikono juu, msione haya. Naona kumi, kumi na mbili... na mama mmoja pale anamnyoshea kidole mwanawe. Haya, shusheni. Mkono wangu nao ungekuwa juu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkali na mwenye nia njema. Kwa mwezi mzima alinipa kitu kimoja: kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, waya wa sita mpaka wa kwanza, halafu kurudi. Kile kidude cha kuhesabia mapigo kikigonga mezani, ta, ta, ta, ta. Nikiuliza wimbo lini, ananiambia wimbo baadaye, kwanza vidole. Mwezi ulipokwisha nikaliweka gitaa chini ya kitanda, na likakaa huko hadi paka akazalia ndani ya mfuko wake.

Lililonirudisha ni karatasi. Ndugu yangu mmoja alikuja na fotokopi ya fotokopi, kona imekatika, wino umefifia, ukurasa mmoja tu. Juu yake palisomeka kwa Kihispania "Estudios Sencillos", na pembeni jina la mtunzi: Leo Brouwer. Estudio ni neno la kusoma, la kujifunza. Sencillos maana yake nyepesi. Basi nikajiambia, nyepesi ndiyo yangu.

Ndugu zangu, leo nataka kuwasimulia habari za mtu huyo na vijipande vyake vidogo. Vidogo kweli. Vingi havimalizi dakika mbili. Ila mimi naamini kumwandikia anayeanza ni kazi ngumu kuliko kumwandikia bingwa, na nitajaribu kuwaonyesha kwa nini.

Brouwer alizaliwa Havana, Kuba, Machi 1939. Ukoo wake ulikuwa na muziki damuni: bibi yake, Ernestina Lecuona, alikuwa mtunzi, na kaka wa bibi huyo ni Ernesto Lecuona ambaye nyimbo zake zilizunguka dunia. Msidhani kwa hiyo kijana alikaa kwenye zulia akipewa masomo ya piano. Gitaa alilianza akiwa na miaka 13, na wa kwanza kumwonyesha alikuwa baba yake, mpigaji wa kujifurahisha tu, aliyemfundisha kwa sikio. Baadaye akafika kwa Isaac Nicola. Nicola alifundishwa na Emilio Pujol, na Pujol alifundishwa na Francisco Tárrega wa Hispania. Hebu oneni mnyororo huo. Ni kama isnadi ya vyuo vyetu: huyu kapokea kwa yule, yule kapokea kwa yule.

Na kijana huyu, alipokuwa bado hajatimiza miaka ishirini, akatazama kabati la muziki wa gitaa akaona mapengo. Amelisimulia hili mara nyingi: watunzi wakubwa wa Ulaya, Brahms hakuandikia gitaa, Stravinsky hakuandikia, Bartók hakuandikia. Basi, akasema, nitaandika mimi. Ujana huo! Mngemwona mtaani mngesema huyu ana kiburi. Lakini pengo la maana kuliko yote, kwa maoni yangu, alilijaza chini kabisa ya kabati, kwa watoto.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana Brouwer hakuwa wa kwanza kuwaandikia wanaoanza. Paris, karibu miaka mia mbili iliyopita, alikuwepo Fernando Sor, mzaliwa wa Barcelona, 1778. Alishatunga muziki wa ngoma za jukwaani, zile za bale, alishafika London na Moscow, na uzeeni akawa anaishi kwa kufundisha gitaa na kuuza nota zake. Na wateja wakamlalamikia. Mnajua walilalamika nini? Bwana Sor, muziki wako mzuri, ila mgumu. Tunaomba mwepesi.

Akaandika mwepesi zaidi. Wakalalamika tena. Basi mzee yule akaanza kuwajibu kupitia majina ya vitabu vyake. Kimoja akakiita, kwa Kifaransa, "Tuone kama ndivyo hivi." Kingine kikafuata: "Ndivyo sasa?" Na mwishowe kimoja kikatoka kikiitwa, kama ningekitafsiri kimtaani, "Haya, hapo sawa!" (Hapa ukumbi ulicheka, hasa walimu.) Walimu mmecheka kwa uchungu, nawajua. Mzazi anakuja anasema mwanangu amesoma miezi miwili, mbona hapigi kama yule wa kwenye simu?

Lakini sikilizeni alichokifanya Sor katikati ya hasira hizo. Hakuwatupia makombo. Fungueni estudio zake nyepesi: sauti ya chini inatembea, sauti ya juu inaimba, ya katikati inajaza, na kila moja ina njia yake kama watu watatu wanaozungumza bila kukatana maneno. Mtoto anapiga kodi mbili tatu (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja), kumbe anafundishwa jinsi sauti inavyotoka hapa kwenda pale. Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa gitaa wa Hispania, alipozikusanya 20 kati ya hizo na kuzichapisha mwaka 1945, aliwapa wapigaji wakubwa vitu vya kupiga jukwaani. Jukwaani, jamani! Muziki wa darasani.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlibebe. Estudio ni wimbo. Ina mwanzo, ina katikati, ina mahali inapopumua. Ukiipiga na jirani akasimama dirishani kusikiliza, estudio imefanya kazi. Jirani akifunga dirisha, tatizo linaweza kuwa lako, au la mtunzi.

Sasa nipeni gitaa. Asante.

Hii ndiyo estudio ya kwanza ya Brouwer, ile ya fotokopi. (Nilipiga vipimo vichache vya mwanzo, yaani mafungu machache ya mapigo.) Mmesikia? Wimbo uko wapi? Juu au chini? Mtoto wa pale mbele kasema chini. Sahihi. Kidole gumba ndicho kinachoimba, kwenye nyaya nene. Hivi vidole vingine vinajibu juu, kidogo kidogo, kama kibwagizo.

Sasa tazameni mkono wangu, walio nyuma simameni. Mkono wa kulia una desturi yake mbaya: vidole vya shahada na cha kati ndivyo vyenye nguvu na wepesi, vinapenda kupiga kelele. Gumba ni zito, ni vivu. Ukiuachia mkono ufanye utakavyo, kibwagizo kinamfunika mwimbaji. Mmeshasikia bendi ambayo mpiga kinanda anamzamisha mwimbaji? Ndiyo hiyo, ndani ya mkono mmoja. Basi hapa gumba linatakiwa lipige waya wa sita na kuangukia waya wa tano, liegemee hapo kidogo, kama mtu anayeegemea ukuta baada ya kusema neno. Na vidole vingine viguse tu, viondoke. Kuegemea, kugusa. Kuegemea, kugusa. Jaribuni hewani. Ndiyo, mama, hata wewe.

Mnaona alichokifanya? Katika ukurasa ule mmoja kuna tatizo moja tu: nani aimbe, nani anyamaze. Mkono wa kushoto kaupunguzia kazi, hauna mambo ya kutisha. Hakukuongezea kodi zenye kubana nyaya zote sita, hakukupeleka juu ya shingo. Mtu mzima anayejua kila kitu, na anakupa kitu kimoja. Walimu, ni mara ngapi tunampa mtoto vitu vitano kwa wakati mmoja, halafu tunashangaa amekosea vyote?

Nami niliipiga vibaya mwaka mzima, niwaambie ukweli. Fotokopi yangu ilikuwa imefifia kiasi kwamba alama zile ndogo chini ya mistari, zinazosema hapa piga kwa nguvu, hapa punguza, hapa sauti ikue taratibu, hazikuonekana hata kwa tochi. Nikawa napiga yote sawasawa kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu mtihani. Siku moja mgeni mmoja aliyepita nyumbani akanisikia, akauliza kwa upole: "Hayo ndiyo yote?" Nikamwambia ndiyo, nimeimaliza. Akatoa kitabu chenyewe kwenye begi. Karatasi safi, wino mweusi. Nikaona alama zimejaa kama sisimizi! Nikagundua kwamba nota nilizokuwa nazo zilikuwa nusu ya somo. Brouwer aliziandika alama zile kwa makini yaleyale aliyoandikia nota.

Nichukue nyingine, ya sita. Hii wengi wenu mnaijua, maana ikipigwa vizuri inafanya watu wadhani unajua sana. (Kicheko.) Mkono wa kulia unachora mchoro mmoja tangu mwanzo, nyuzi zinapigwa moja baada ya nyingine kama maji yanayochirizika, na mchoro haubadiliki. Mkono wa kushoto unashika umbo, unalihamisha shingoni, unalihamisha tena, huku nyaya nyingine zikiachwa wazi bila kubonyezwa. Na hapo gitaa linafanya kitu ambacho piano haikijui: waya ulio wazi unabaki na sauti yake ileile wakati majirani zake wanahama. Sauti moja nyumbani, nyingine safarini. Ndiyo maana inatoka ile rangi ya kushangaza, na vidole havijafanya ajabu yoyote.

Kuna babu wa wazo hili. Heitor Villa-Lobos wa Brazili aliandika estudio 12 akiwa Paris mwishoni mwa miaka ya 1920, akamtunukia Segovia. Zilichapishwa 1953. Katika ya kwanza umbo moja la mkono wa kushoto linateremka shingo nzima, freti kwa freti (vile vyuma vilivyolazwa shingoni), na mkono wa kulia hauachi kuzunguka. Ni kitu cha kutisha. Ni milima. Brouwer, naona mimi, aliuchukua mlima ule akautengenezea ngazi. Tena mchapishaji alikuwa yuleyule, Max Eschig wa Paris. Brouwer alianza estudio zake akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mwishowe zikafika 20, mafungu manne ya tano tano.

Wengine husema estudio ya saba ndiyo tamu zaidi kwa sababu juu yake pameandikwa kwa Kihispania ipigwe haraka kadiri iwezekanavyo. Vijana wote huikimbilia hiyo. Sina la kusema juu yake, mtaivunja wenyewe.

Sasa naomba mikono yenu. Wekeni simu chini. Tutapiga makofi. Hesabuni hadi nane, lakini hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Kofi kwenye kila "moja". Tena. *Moja*-mbili-tatu, *moja*-mbili-tatu, *moja*-mbili. Wazee, msione haya, ndiyo kwanza mnaamka! Tena!

Mnaujua mdundo huo? Mnaujua tangu tumboni mwa mama zenu. Tatu, tatu, mbili. Ulivuka bahari ukiwa ndani ya miili ya watu waliochukuliwa Afrika wakapelekwa Kuba kulima miwa. Kule ukaingia kwenye ngoma, ukaingia kwenye son, muziki wa dansi wa Kuba, ukaingia kwenye rumba. Halafu kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ikaanza kuleta Afrika sahani za santuri zenye muziki wa Kuba, zile zilizoandikwa herufi GV, na vijana wa Léopoldville (leo Kinshasa) na Brazzaville walipozisikia walisema, huyu namjua, huyu ni mtoto wa nyumbani. Ndipo rumba ya Kongo ikapata mwili, na sisi hapa tukaicheza mpaka viatu vikaisha soli.

Sasa Brouwer alifanya nini? Alikwenda Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kusoma utunzi, kwenye shule ya muziki ya Juilliard na Chuo Kikuu cha Hartford. Alisikia muziki mpya wa Ulaya, ule wenye nota zinazogombana, akaupenda, akauandika. Angeweza kurudi akawaandikia watoto wa Havana mazoezi ya Kijerumani. Badala yake, fungueni estudio ya tano: juu ameandika "Montuno". Ni ile sehemu ya wimbo wa Kikuba ambapo kiitikio kinazunguka na watu wanacheza. Mtoto wa Havana akiipiga, mguu wake unaujua kabla kidole hakijajua. Mwalimu hana haja ya kumweleza kuyumba kwa mapigo. Atampa kidole tu, mguu anao.

Je, sisi tuna nini cha namna hiyo?

Nawauliza kwa sababu kimya hiki kinanikera. Tunacho! Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville, kule Katanga, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Akamrekodi kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco, na mojawapo ya vipande alivyopiga ni "Masanga". Bosco aliimba kwa Kiswahili, lugha yetu hii hii. Na alipigaje gitaa? Kwa vidole viwili: gumba na cha shahada. Viwili tu! Gumba linatembea chini, shahada inacheza juu, na ukisikiliza ukiwa umefumba macho unaapa kuna watu wawili. Baadaye aliishi Nairobi kwa muda, na wapigaji wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza.

Rudini sasa kwenye estudio ya kwanza ya Brouwer. Gumba linaimba, vidole vinajibu. Hebu niambieni, Havana na Likasi ziko mbali kiasi gani? (Mzee mmoja akajibu: "Si mbali." Makofi.) Asante mzee. Mtoto wetu anaweza kuingia kwa mlango wa Bosco akatokea kwa mlango wa Brouwer. Lakini nani amemwandikia ngazi ya kupanda kwa Bosco? "Masanga" yenyewe si ya mwanafunzi wa mwezi wa pili. Kuijongea kunahitaji vipande kumi vidogo, kila kimoja na tatizo moja. Kipande cha gumba peke yake. Kipande cha shahada kuchelewa kidogo. Havijaandikwa kwa sababu tunasubiri mtunzi mkubwa.

Brouwer naye, kwenye miaka ya 1980, jeraha la mkono wa kulia lilimwondoa jukwaani. Mtu aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa gitaa duniani hakuweza tena kutumbuiza. Akaendelea kuongoza okestra, akaendelea kutunga. Na alipokwishapita miaka sitini aliwarudia wanaoanza kwa estudio mpya 10, kila moja heshima kwa mtunzi mmoja: Debussy, Sor, Tárrega, Villa-Lobos, Piazzolla, Stravinsky na wengine. Yaani babu huyu alikaa chini akawatambulisha watoto kwa marafiki zake, mmoja mmoja, kwa ukurasa mmoja mmoja. Mimi hilo linanigusa kuliko kazi zake zote kubwa, ingawa najua wapo watakaonibishia, na kazi yake kubwa ya gitaa, "El Decamerón Negro", watanitajia.

Ngoja niiseme hiyo nayo, kwa sababu wazazi wapo. Ni ya mwaka 1981, imetokana na hadithi za Kiafrika alizokusanya Mjerumani Leo Frobenius. Ndani yake kuna shujaa wa vita anayetaka kupiga kinubi. Ukoo wake unamfukuza: shujaa gani huyu na vinyuzi? Halafu maadui wanavamia, wanamwita, anapigana, anashinda, na vita vikiisha anarudi kwenye kinubi chake. Wazazi wangu, sina zaidi la kusema hapo. (Kicheko kirefu.)

Nimalizie na darasani kwangu. Miezi miwili iliyopita niliwapa wanafunzi kazi: andikeni estudio yenu. Vipimo vinane. Tatizo moja. Wengi waliniletea vitu vizuri, wengine waliniletea nyimbo za tangazo la soda. Mmoja, binti wa miaka kumi na moja, aliniletea kitu alichokiita "Shusha".

Ni daladala. Gumba linatembea kwenye nyaya tatu nene, tatu, tatu, mbili, gari linakwenda. Kila baada ya vipimo viwili konda anagonga ubavu wa gari mara mbili, ko ko, na gari linasimama. Kule kugonga alikutaka kufanyike kwenye ubao wa gitaa lenyewe. Wazo safi. Ila kila alipogonga kwa mkono wa kulia, gumba lilichelewa kurudi kwenye waya, na gari likawa linaondoka bila abiria. Nilimwambia ajaribu kugonga kwa kidole cha pete. Hapana. Nikamwambia apunguze mwendo. Akanitazama kama nimetukana daladala.

Wiki iliyofuata alikuja, akakaa, akapiga vipimo vyote vinane, gari likasimama na kuondoka sawasawa. Nikamwambia rudia, nitazame. Nikaona: alikuwa amebadilisha nota moja tu. Ile ya mwisho kabla ya kugonga, iliyokuwa freti ya tatu, akaiweka waya wa tano ulio wazi. Waya ulio wazi hauhitaji kubonyezwa. Basi mkono wa kushoto ukawa huru, na ndio uliokuwa ukigonga, ubavuni, pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, huku gumba la kulia limeshatulia mahali pake likisubiri.

Nikamuuliza, nani kakufundisha hivyo?

Akasema, "Hakuna, mwalimu. Nilikuwa nachelewa."